Krismasi Ihamie Julai

Aliyepanga Krismasi iwe tarehe 25 Desemba hakuwahi kulima mpunga. Hilo nina hakika nalo. Na kama alikuwa na watoto, basi walilelewa na mtu mwingine. Wanaojua mambo ya kale wanasema tarehe hiyo inaonekana kwenye kalenda moja ya Roma ya mwaka 354. Roma ile Desemba ni baridi, shamba limelala, watu wanaota moto, mtoto hana pa kwenda. Hapo sikukuu ni jambo la busara. Hapa Ifakara Desemba ni habari nyingine. Mvua imeanza, matrekta yanagombaniwa, mbu wamerudi na familia zao, maembe yanaanguka juu ya bati usiku kucha, mchele umepanda bei, shule zimefungwa. Na katikati ya hayo yote, mtu wa Roma anakuletea sherehe.

Sina ugomvi na siku yenyewe. Tarehe 25 huwa inakwenda vizuri. Asubuhi tunakwenda kanisani, watoto wamevaa nguo mpya na kupakwa mafuta mpaka wanateleza ukiwashika. Wanakaa kwenye benchi kwa adabu, kwa sababu viatu vipya vinabana na hawawezi kukimbia. Mchana pilau na soda, jirani analeta sahani, na sisi tunapeleka sahani. Jioni wote wamelala kwa uchovu, na wazazi tunaambiana kwamba mwaka huu tumshukuru Mungu.

Kesi yangu ni tarehe 26. Serikali inaihesabu sikukuu pia, watu wapumzike. Watu gani hao, sijui. Kuanzia siku hiyo mpaka shule zifunguliwe Januari, mzazi mwenye watoto wadogo yuko kwenye zamu ambayo sheria ya kazi haijawahi kuitaja. Haina likizo ya ugonjwa. Haina posho.

Kwanza, watoto wa tarehe 26 si wale uliowazaa peke yao. Mimi nimezaa watatu: kifungua mimba, wa kati na kitinda mimba. Wiki ya Krismasi nyumba ina saba. Wawili wameletwa na dada yangu kutoka Dar es Salaam, "waje wajue kwao". Mmoja ameshushwa na shemeji yangu wa Mahenge, aliyesimamisha gari bila kuzima injini. Na mmoja sijui ni wa nani. Anakula, anaoga, analala, ananiita baba mdogo, na muda umeshapita wa kumuuliza bila aibu.

Hiyo kauli ya "waje wajue kwao" naomba ichunguzwe. Dada yangu hana hamu ya watoto wake kujua kwao shule zikiwa wazi. Hamu hiyo humjia shule zinapofungwa, tena ghafla, na nauli ya kwenda tu. Mtoto akishuka kwenye basi ana begi dogo, nguo mbili na chaja. Kitu cha kwanza anachouliza si habari za babu na bibi.

"Shikamoo anko. Hapa soketi iko wapi?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na kwa kweli ukiwa Kilombero mwishoni mwa Desemba, hilo jembe linahitajika. Basi siku ya tatu nikawapa, nikawaonyesha kipande nyuma ya nyumba wapasafishe tupande mboga. Walifanya kazi kwa bidii ambayo ingenitia shaka mapema kama nisingekuwa nimejilaza. Nilipotoka, mboga hazikuwapo kwenye mpango. Lilikuwapo shimo. Mkubwa wa Dar es Salaam alinieleza kwa upole kwamba ni bwawa la kuogelea, na kwamba mvua ikinyesha usiku litajaa. Mvua ilinyesha. Lilijaa. Asubuhi lilikuwa na vyura wanaofanya mkutano wa hadhara, na kitinda mimba amesimama ndani, maji magotini, ndani ya viatu vya Krismasi.

Nitarudi kwenye viatu.

Mtauliza mama yao yuko wapi. Mama watoto yuko shamba. Tuna ekari zetu upande wa Minepa, ng'ambo ya mto, na mwisho wa Desemba ndipo mambo yote hutokea kwa pamoja: trekta ipatikane, mtu wa kuburuga apatikane, mbegu iwe tayari, majirani wa shamba wasisogeze mpaka. Ofisi ninayofanyia kazi imefungwa mpaka mwaka mpya, eti tupumzike, kwa hiyo ilionekana ni haki mimi nibaki na watoto. Sikumbuki kikao kilichoamua hivyo. Nakumbuka tu kwamba aliondoka saa kumi na moja alfajiri, amebeba jembe na chupa ya chai, anakwenda kukanyaga matope siku nzima juani, na alikuwa anaimba.

Zamani nilikuwa na mtetezi, nacho ni kivuko. Mto Kilombero ulipokuwa ukivukwa kwa kivuko, kwenda Minepa au Lupiro na kurudi ilikuwa safari ya kupangwa. Unasubiri kijae, unasubiri kivuke, unasubiri kirudi. Maji yakiwa na hasira, mama anabaki nyumbani na shamba linasubiri. Leo kuna Daraja la Magufuli, mita 384 za zege, lililozinduliwa rasmi Mei 2018. Wagonjwa wanavuka, mpunga unavuka, malori ya Mahenge na Malinyi yanavuka, nchi imefunguka, na mimi kama raia nashangilia. Kama baba mwenye watoto saba ndani, naona bodaboda ikipandisha darajani na mke wangu nyuma yake, na sina tena mto wa kunisaidia.

Turudi nyumbani. Kuna watu wazima ambao kila Desemba hununua zawadi zenye sauti. Nasema hili bila kutaja jina la shemeji. Mwaka huu alileta gari la polisi la plastiki. Magurudumu yalitoka tarehe 26 asubuhi. Milango ilitoka mchana. Polisi mwenyewe alipoteza kichwa kabla ya jua kuzama. King'ora kipo mpaka leo. Nilipotoa betri kimyakimya na kuzificha juu ya kabati, mtoto wa kati hakulia wala hakuuliza. Alikwenda akatoa za tochi. Ndiyo maana umeme ulipokatika usiku ule, nyumba nzima ilikuwa gizani, haina tochi, lakini ina polisi.

Umeme ukikatika, mzazi unagundua ni nani hasa alikuwa anakusaidia kulea. Ukiwapo, katuni zinafanya kazi hiyo. Tuna bahati Tanzania kuna katuni za kwetu, Ubongo Kids wapo tangu 2014, na mtoto akikaa mbele yao anajifunza hesabu kwa Kiswahili huku wewe unakunywa chai ikiwa bado moto. Sipingi elimu. Naipenda sana elimu inayomfanya mtoto akae. Lakini runinga ikizimika, macho saba yanageuka kwa pamoja yanakutazama wewe. Nasema saba kwa sababu kila mmoja ana jicho moja kwako na jingine kwenye jambo baya analotaka kulifanya.

Jambo lenyewe kwa kawaida ni treni. Viti vyote vya plastiki vinapangwa mstari mmoja kuanzia mlango wa mbele mpaka jikoni, na hiyo ni TAZARA. Ile ya kweli ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, na Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga kati ya 1970 na 1975. Ya kwangu ilijengwa kabla maji ya chai hayajachemka, na haina karani wa malalamiko. Kifungua mimba ndiye dereva. Mtoto wa Mahenge ni mkaguzi wa tiketi, na tiketi ni risiti zangu za umeme. Wa Dar es Salaam wanauza vitu madirishani: "Maembe! Karanga! Maji baridi!" Kitinda mimba analia kwa sababu ameachwa Mang'ula, yaani chini ya meza. Na kwa kuwa abiria lazima wale, imekubaliwa kwamba treni isimame Mlimba. Sasa Mlimba, kwa mpangilio wa nyumba yangu, imeangukia palipo sufuria ya wali wa mchana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chakula, na hapo naomba nisikatizwe.

Mchele wa Kilombero una jina. Ukienda sokoni Dar es Salaam, muuzaji anautaja kwa sauti ili ukubali bei yake. Sisi ndio tunaoulima. Mavuno yakishaanza, kuanzia Mei mpaka Julai, magunia yanasimama mpaka uani, kuku wanachagua punje. Wanunuzi wanakuja na malori na mizani. Una deni la trekta, una mchango wa harusi, una mgonjwa, una bati la kumalizia. Unauza. Kila mtu anauza wakati mmoja, kwa hiyo bei inalala chali. Ikifika Desemba, kila mtu ananunua wakati mmoja, na bei inaamka. Siku hizi nikiuliza kilo ni shilingi ngapi, jibu likija nadhani ni ule ulioshapikwa, una nyama juu na kachumbari pembeni. Naulipia mchele ambao pengine nilipigana na kwelea kwelea kwa ajili yake mwezi wa Aprili.

Sasa mweleze hayo mtoto wa miaka mitano. Tarehe 25 amekula pilau. Tarehe 26 amekula kiporo cha pilau. Tarehe 27 anakaa mbele ya ugali na kisamvu, anaitazama sahani kwa muda mrefu, kisha ananitazama mimi kwa masikitiko ya mtu aliyesalitiwa.

"Baba, leo pilau liko wapi?"

"Pilau ni la sikukuu."

"Sikukuu imekwenda wapi?"

Imekwenda mifukoni mwa watu, mwanangu. Lakini hilo sikumjibu. Wa Dar es Salaam akaingilia kati kutafuta suluhu: "Anko, basi hata chipsi mayai." Na soda usizitaje. Watoto waliozaliwa kwenye bonde hili, ambako ukitoka Kidatu unaona miwa pande zote mbili za barabara mpaka macho yachoke, wanaamini sukari ni haki ya kuzaliwa.

Wakikosa pilau wanahamia kwenye maembe. Ifakara haina upungufu wa miembe, na Desemba haina upungufu wa maembe. Matajiri wa mijini wanayanunua kwa moja moja. Kwetu yanaoza chini, na mtoto anapanda juu kuchuma mabichi. Wanayala na chumvi. Wanayala bila chumvi. Utomvu unawababua midomo mpaka wanafanana wote, na kumtambua yule nisiyejua ni wa nani kumekuwa kugumu zaidi. Mchana wanakula, usiku matumbo yanafanya hesabu. Choo chetu ni kimoja, watoto ni saba. Nimesimamia foleni kwenye giza, mvua inanyesha, king'ora cha polisi ndiyo taa yetu, nikaelewa kwa nini wale wa Roma waliota moto tu.

Na doa la embe halitoki. Mama mkwe, Mungu ampe umri mrefu, huwanunulia wajukuu zake mashati meupe kila Krismasi. Meupe. Kwenye mji wenye tope jeusi, maembe ya njano na watoto wenye vidole kumi kila mmoja. Tumejaribu limau, chumvi, jua, sabuni ya mche na sala. Picha ya familia ya mwaka huu ilipigwa tarehe 25 saa tatu asubuhi, kabla ya chai. Wanaotuona Facebook wanadhani ndivyo tulivyo.

Mbu nao wanataka aya yao. Mji huu unajulikana duniani kwa sababu yao. Mwaka 1957 Mswisi mmoja, Rudolf Geigy kutoka Basel, alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na wataalamu wa malaria wanavuka bahari kuja kuwaangalia mbu wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilishuhudia vyandarua vya Zuia Mbu vikinadiwa mpaka vijijini, na mengi ambayo dunia inayajua kuhusu faida ya chandarua kwa mtoto yalipatikana huku. Kwa maneno mengine, kama kuna mahali duniani ambapo chandarua kinapaswa kuheshimiwa, ni hapa.

Nyumbani kwangu chandarua asubuhi ni shela ya bibi harusi. Mchana ni wavu wa goli. Jioni kinakwenda mtaroni kuvua vitoto vya kambale, ambao wanaletwa nyumbani wakiwa hai na kuwekwa kwenye beseni la kunawia uso. Usiku hakuna anayejua kilipo. Nikikipata na kukifunga, kina tobo ambalo mpira ulipitia, na mbu wa Ifakara, kwa jinsi alivyochunguzwa na kusomeshwa tangu enzi za bibi yake, anaingia hapo bila kuuliza njia. Asubuhi mtoto wa Dar es Salaam amevimba shavu.

"Anko, hawa ndio wale mbu wanaosoma?"

"Ndio, mjomba."

"Wanasoma mpaka saa ngapi?"

Likizo ikiendelea, wageni wanataka kutembezwa. Wameambiwa na mama yao kwamba kwetu kuna milima, tembo, maporomoko. Yote ni kweli. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, makao yake yako Mang'ula, na maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 ukijumlisha ngazi zake. Mama yao hakutaja nauli, kiingilio wala chakula cha njiani cha watoto saba ambao wanaona njaa gari likiwashwa. Nikawapanga uani mstari mmoja, nikawanyooshea kidole: ule ndio mlima. Mawingu yalikuwa yameufunika. Walitazama mawingu kwa heshima kiasi, kisha mmoja akauliza kama na tembo naye atapita hapo hapo.

Kwenye misitu hiyo kuna kima wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na hapatikani popote duniani nje ya milima yetu. Walishangaa sana jinsi alivyojificha muda wote huo. Mimi nina aina saba hapa nyumbani, wanaruka kutoka kabatini mpaka kitandani, wanakula maembe, wanapiga kelele alfajiri, wala hawajifichi, na hakuna mwanasayansi aliyekuja hata na daftari.

Jioni mama watoto hupiga simu kutoka shamba. Mtandao wa huko ni wa kusimama mahali pamoja, mkono mmoja juu.

"Baba watoto, hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Hizo kelele ni za nini?"

"Polisi."

"Watoto wamekula?"

"Wamekula."

"Wamekula nini?"

"Maembe."

Kikapita kimya. Si mtandao uliokatika, maana nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akasema trekta imepatikana, lakini ni ya kesho kutwa, kwa hiyo atalala kwa dada yake kule kule. Nyuma ya sauti yake nilisikia vyura na upepo, na watu wazima wakiongea mmoja mmoja, kwa zamu, bila kukatizana. Sijawahi kuionea wivu shughuli ya kuburuga matope, lakini usiku ule niliionea.

Sasa viatu. Wazazi wa Tanzania tuna mkakati ambao haujaandikwa popote: kiatu cha Krismasi lazima kiwe cheusi. Mtoto anataka chekundu chenye taa kisiginoni. Unamwambia cheusi kinapendeza zaidi. Hakipendezi zaidi. Kinaweza kwenda shule Januari, ndiyo sifa yake pekee. Serikali ilifuta ada mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na kwa hilo tunashukuru, lakini sare haijafutwa, daftari halijafutwa, begi halijafutwa, na mguu wa mtoto unakua bila kusubiri waraka. Kwa hiyo kiatu cheusi ni mradi wa mwaka mzima. Kinatakiwa kifike Krismasi ijayo. Cha kitinda mimba kilifika tarehe 28 Desemba. Kile cha kushoto soli imefungua mdomo, ndani kuna kitoto cha kambale. Cha kulia kimelala chini ya bwawa la kuogelea, na vyura hawako tayari kukirudisha. Anaanza darasa la kwanza Januari.

Ndipo nilipokaa chini kuandika hoja yangu, nikaona haina kasoro. Krismasi ihamie Julai. Wanateolojia wasinirukie: Injili haikutaja tarehe. Luka anasema wachungaji walikuwa nje usiku wakilinda kondoo, na mchungaji mwenye akili halali nje na mvua ya Desemba, labda kama hajafika Ifakara. Tena tarehe si ngeni kuhamahama. Waethiopia wanasherehekea 7 Januari, Waarmenia 6 Januari, na Mungu hajawafungia mlango. Julai bonde letu ni kavu, kuna ubaridi wa kuvaa sweta, mbu wamepungua, miembe haina kitu. Mpunga uko ndani, hela iko mfukoni, pilau linaweza kuliwa hata wiki nzima bila mtu kuuliza sikukuu imekwenda wapi. Tazameni Nane Nane. Sikukuu ya wakulima imewekwa Agosti, baada ya mavuno. Huyo aliyeipanga aliwahi kulima, au alioa kwa wakulima.

Nilimsomea mama watoto hoja hiyo aliporudi, matope magotini, amenawiri. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitoa kambale kwenye beseni ili anawe uso.

"Baba watoto," akasema, "ukiipeleka Krismasi Julai, shule bado zitafungwa Desemba. Utabaki na watoto hawa hawa, matope haya haya, maembe haya haya. Pilau tu ndilo halitakuwapo."

Nilitafuta jibu. Bado nalitafuta.

Kwa hiyo nafuta ombi la kwanza na kuleta la pili, ambalo ni dogo na halimgusi mtu wa Roma. Waheshimiwa wa elimu, Krismasi iacheni ilipo. Wazee wa kanisa, samahanini kwa usumbufu. Lakini shule zifunguliwe tarehe 27 Desemba, saa moja asubuhi. Walimu msiogope, tutawaletea maembe. Sare zitafuata, viatu vitafuata. Na yule mtoto nisiyejua ni wa nani nitamleta pia, mwandikisheni kwa jina langu.